Kuandika upya bila kubadilisha maana

Kosa ninalonuia kulisimulia leo ni langu mwenyewe, wala simtafutii mwenziwe wa kulibeba. Lilitokea mwaka 2023 katika shule moja ya upili ya bweni ambayo sitaitaja, na aliyedhurika hakuwa mimi bali msichana wa Kidato cha Pili ambaye yamkini hajui hadi leo kwamba mkono wangu ulihusika.

Shule hiyo ilikuwa na programu ndogo ya kuwatumia wazazi matokeo ya mtihani na salio la karo kwa ujumbe wa simu. Programu yenyewe haikubeba majina ndani yake. Iliyasoma kutoka faili moja ya mipangilio, maandishi matupu anayoweza kuyasoma mtu yeyote: nambari ya usajili ya mwanafunzi, kidato chake, mkondo wake, na nambari ya simu ya kupelekewa ujumbe. Kila mwaka ulipogeuka, karani aliketi siku mbili akiwapandisha wanafunzi vidato, mstari baada ya mstari. Nilimhurumia. Nikaandika programu fupi ya mistari arobaini hivi kwa lugha ya Python, ikaisoma faili, ikampandisha kila mwanafunzi kidato kimoja, ikawaondoa waliomaliza, kisha ikaiandika faili upya mahali pake. Kazi ya siku mbili ikaisha kabla chai haijamiminwa. Nilisifiwa, nami nikazikubali sifa.

Jambo ambalo hakuna aliyeligundua ni hili. Katika faili ya zamani, kando ya jina la msichana mmoja, karani aliyetangulia alikuwa ameandika maneno machache baada ya alama ya #: nambari ya baba isiwekwe hapa, mahakama imeamuru, ulizeni ofisini kwa naibu. Tarakilishi haisomi kinachofuata alama hiyo. Hayo ni maelezo ya pembeni, ya kusomwa na binadamu. Programu yangu iliisoma faili kwa macho ya tarakilishi, na kwa hiyo ilipoiandika upya, maelezo yale hayakuwamo. Karani mpya alipokuwa akijaza nambari kutoka fomu za zamani za usajili aliikuta ya baba, akaitia kama alivyotia za wengine. Muhula wa kwanza ulipokwisha, matokeo ya binti yakamfikia mtu ambaye hakupaswa kujua anasoma wapi, na jina la shule likiwa juu ya ujumbe. Muhula wa pili ulipofunguliwa, alikuwa langoni siku ya tatu. Bawabu alikuwa macho, naibu wa mwalimu mkuu akaitwa, polisi wakaitwa, na hakuna aliyeguswa. Lakini msichana yule alihamishwa kabla muhula haujafika nusu, akawaacha rafiki zake na masomo aliyokuwa ameyazoea.

Naibu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwalimu, ulipoiandika upya, uliisoma kwanza?" Nikamjibu kwamba programu iliisoma. Akasema hakuuliza habari za programu.

Nimelileta jambo hili katika safu hii kwa sababu tangu mwaka 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ilipoidhinisha mtaala wa kufundishia uandishi wa programu shuleni, kumekuwa na shangwe kubwa miongoni mwa wazazi na walimu. Shangwe hiyo ina msingi. Hata hivyo, hebu tazama vinavyoonyeshwa kwenye maonyesho ya shule: mchoro wa paka anayerukaruka, mchezo wa kulenga shabaha, kigari kinachojiendesha kwa mita tano kisha kikagonga mguu wa meza. Sina ugomvi na paka wala kigari. Ugomvi wangu ni kwamba tunawajengea vijana imani kuwa kazi ya mwandishi wa programu ni kubuni vitu vipya kila uchao, ilhali sehemu kubwa ya kazi inayomngoja kijana huyo katika benki, hospitali, ofisi ya kaunti au shule ni kufungua faili iliyoandikwa na mtu mwingine, kuisoma, kubadilisha jambo moja na kuirejesha ilivyokuwa. Ni kazi ya karani mwaminifu. Haina makofi. Na ndiyo inayoweza kumfikisha mtu langoni.

Naomba sasa nieleze kazi yenyewe, kwa kuwa naamini mwalimu wa Kiswahili anaijua zaidi ya anavyodhani.

Faili ya mipangilio inapofunguliwa huonekana kama orodha ya maneno. Kwa hakika si orodha, ni sentensi yenye sarufi. Tunapomwomba mwanafunzi wa Kidato cha Tatu achanganue kwa matawi sentensi "Mwanafunzi mwerevu alifungua kitabu", hatumtaki ahesabu herufi. Tunamtaka aone kwamba sentensi ina kundi nomino na kundi tenzi, kwamba kivumishi "mwerevu" kinaning'inia chini ya nomino "mwanafunzi", na kwamba "kitabu" kimo katika kundi tenzi. Maneno yamepangwa mstari mmoja, lakini maana yake ni mti. Basi faili ya mipangilio ni mti vivyo hivyo. Shule ndiyo shina. Vidato ni matawi. Chini ya kila kidato kuna mikondo. Chini ya kila mkondo kuna wanafunzi, na kila mwanafunzi ana vijitawi vyake vya nambari na simu. Katika muundo uitwao YAML, ambao ndio niliokuwa nikiushughulikia, kinachoonyesha tawi lipi limo chini ya lipi ni nafasi zinazoachwa mwanzoni mwa mstari. Ukiongeza nafasi pasipostahili, mwanafunzi anaweza kuhamia chini ya mzazi mwingine bila herufi hata moja ya jina lake kubadilika. Katika JSON kazi hiyo hufanywa na mabano. Katika XML hufanywa na vitambulisho vinavyofunguliwa na kufungwa. Mavazi ni tofauti, mti ni ule ule.

Sasa, wapo wanaoingia kazini bila kuujua mti huo. Wanaiona faili kama herufi tu, na wanachokifahamu ni amri ya kutafuta na kubadilisha: tafuta hiki, weka kile. Chukua shule yenye ngazi zote chini ya uzio mmoja, kuanzia Gredi 1 hadi Gredi 10. Mwaka umegeuka, na mtaalamu wetu anataka kuwapandisha wanafunzi. Anaiamuru tarakilishi: kila palipoandikwa "Gredi 1" weka "Gredi 2". Kisha kila palipo na "Gredi 2" weka "Gredi 3". Anaendelea hivyo hadi "Gredi 9" iwe "Gredi 10". Matokeo yake? Watoto walioingia Gredi 1 mwaka jana wamepandishwa mara tisa kwa asubuhi moja na wamo Gredi 10 pamoja na kaka na dada zao wote. Na wale waliokuwa Gredi 10 tangu awali je? Herufi za "Gredi 1" zimo ndani ya "Gredi 10", kwa hiyo hatua ya kwanza iliwafanya Gredi 20, ya pili Gredi 30, na kufikia hatua ya mwisho wamo Gredi 100. Mwerevu atasema tuanzie juu tushuke chini. Atawanusuru wadogo, lakini hatua yake ya mwisho bado itawapeleka wote wa Gredi 10 hadi Gredi 20. Tarakilishi haikukosea. Ilitii. Aliyekosea ni yule aliyeomba herufi zibadilishwe wakati alichotaka kubadilisha kilikuwa ni cheo.

Lipo jingine linalotuhusu sisi zaidi ya wageni waliovumbua zana hizi. Lugha yetu ina ritifaa: ng'ombe, ng'ambo, kung'oa. Na kaunti ya Murang'a inaibeba ritifaa hiyo katikati ya jina lake. Katika lugha nyingi za tarakilishi, alama hiyo hiyo moja ndiyo hufungua na kufunga maneno yaliyotajwa. Mwandike Murang'a ndani ya amri iliyozungukwa na alama moja za mtajo, na tarakilishi itadhani maneno yamekwisha kwenye "Murang", kisha ishindwe kuelewa "a" iliyobaki inatafuta nini nje ya nyumba. Katika YAML, ukitumia alama moja za mtajo, sharti ritifaa iandikwe mara mbili. Nimewaona vijana wakisuluhisha tatizo hili kwa kuiondoa ritifaa na kuandika "Muranga", yaani kulibadilisha jina la mahali ili programu isilalamike. Ukipitia kwa msomaji halisi wa muundo huo, ile maktaba ya programu inayojua sarufi yake, yeye huandika ritifaa inavyotakiwa bila wewe kushughulika, na Murang'a ikabaki Murang'a.

Kwa hivyo shauri la kwanza ni kwamba faili isomwe kwa sarufi yake: ichanganuliwe iwe mti, mti ubadilishwe, kisha uandikwe upya. Python inayo maktaba ya kusoma JSON ndani yake tangu toleo la 2.6 la mwaka 2008, na kijana anaweza kuisoma faili yote kwa mistari miwili. Laiti mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika.

Walimu wa Kiswahili hupenda kuwauliza wanafunzi maana mbalimbali za sentensi "Alimpigia mtoto mpira". Sentensi ni moja, maana ni kadhaa, na msomaji asiyeuliza atachagua moja kimyakimya. Msomaji wa YAML naye hufanya hivyo. Muundo huu, uliopendekezwa mara ya kwanza mwaka 2001, ulikusudiwa uwe rafiki kwa binadamu, na kwa ajili ya urafiki huo haukulazimisha alama za mtajo. Ukiandika neno, msomaji anakisia kama ni jina, nambari, tarehe, au jibu la kweli na uongo. Kukisia huku ndiko kunakoleta maafa. Kanuni za toleo la 1.1 zinasema neno "no" ni uongo. Ndiyo maana watu waliokuwa wakiorodhesha nchi kwa vifupisho vya herufi mbili walishtuka kuona Norway, ambayo kifupisho chake ni NO, imegeuka kuwa "uongo". Hapa nakiri nilitabasamu, kwa kuwa anayeandika "ndiyo" na "hapana" kwa Kiswahili sanifu amenusurika. Maneno yetu hubaki maneno.

Lakini hatunusuriki kwenye nambari. PyYAML, maktaba inayotumiwa sana na waandishi wa Python, bado inafuata kanuni za 1.1. Mpe nambari ya usajili 0123 bila alama za mtajo. Itaona sifuri mbele, itadhani umeandika kwa hesabu ya msingi wa nane, na itakurudishia 83. Mpe 0189, nayo itaiacha kama ilivyo, kwa sababu 8 na 9 si tarakimu za msingi wa nane. Fikiria daftari la usajili ambamo baadhi ya wanafunzi wamebadilishwa nambari na wengine hawakuguswa, na hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotolewa! Ratiba nayo je? Andika kengele ya saa 08:20 na nyingine ya 10:30. Ya kwanza itabaki maandishi. Ya pili itasomwa kwa msingi wa sitini na kuwa nambari 630, yaani dakika zilizopita tangu usiku wa manane. Toleo la 1.2 la mwaka 2009 liliondoa mengi ya vituko hivi, lakini hata huko sifuri ya mbele hupotea usipoizungushia alama za mtajo, kwa kuwa 0123 husomwa kama 123. JSON, kwa ukali wake, hukataa kabisa nambari inayoanza na sifuri namna hiyo na kusema faili ina kosa. Wanafunzi huuchukia ukali huo. Mimi nimekuja kuupenda, maana anayekataa waziwazi hukupa nafasi ya kujirekebisha.

Hayo yote ni ya upande wa kusoma. Upande wa kuandika ndio ulioniangusha, na ndio naona haufundishwi.

Mti unaojengwa na msomaji ndani ya kumbukumbu ya tarakilishi hauna maelezo ya pembeni, kwa kawaida. Msomaji ameyaruka. Hauna mistari mitupu uliyoiacha ili kutenga sehemu. Mara nyingi hata mpangilio unapotea: PyYAML, usipoikataza, huandika majina yote kwa mfuatano wa alfabeti, ingawa mwenye faili alikuwa na sababu zake za kuanza na mwalimu wa darasa. Maktaba nyingine ya Python, ile inayosoma faili za mtindo wa INI, inaeleza wazi katika mwongozo wake kwamba maelezo ya pembeni hayahifadhiwi faili inapoandikwa upya. Juu ya hayo, usipoikanya, hugeuza herufi kubwa za majina ya vipengele kuwa ndogo. Walioandika mwongozo huo walikuwa waungwana. Nisiyeusoma ni mimi.

Hata mafundi wakubwa wanalijua tatizo hili. Douglas Crockford, aliyeitangaza JSON mapema miaka ya 2000, alieleza baadaye kwamba aliyaondoa maelezo ya pembeni makusudi, kwa kuwa aliona watu wakiyatumia kuficha maagizo ya kuielekeza programu inayosoma. Uamuzi wake una mantiki, japo umetuachia mamilioni ya faili zisizoweza kujieleza. Muundo wa TOML, ulioanzishwa na Tom Preston-Werner mwaka 2013, uliyarudisha maelezo hayo. Na Python toleo la 3.11, lililotoka mwaka 2022, lilipoingiza maktaba ya TOML ndani yake, liliingiza msomaji bila mwandishi. Unaweza kusoma, huwezi kuandika. Mojawapo ya sababu zilizotolewa ni kwamba haikuwa wazi jinsi ya kuuhifadhi mtindo na maelezo ya aliyetangulia. Wanafunzi wangu huliona hili kama pengo. Mimi naliona kuwa ni ukiri wa haki: kusoma maandishi ya mwenzako ni jambo moja, na kuyaandika upya ni amana.

Na hapa namrejea tena mwalimu wa Kiswahili. Katika karatasi ya pili ya mtihani wa kitaifa kuna ufupisho, na swali humtaka mtahiniwa afupishe aya bila kubadilisha maana. Tunawapunguzia alama wanaoongeza ya kwao. Tunawapunguzia wanaoacha hoja ya mwandishi. Tumekuwa tukifundisha nidhamu hiyo kwa miaka mingi: kwamba maandishi ya mtu mwingine yana mwenyewe, na anayeyashika kwa muda hana ruhusa ya kuyafanya atakavyo. Kwa nini basi mwanafunzi huyo huyo akivuka uwanja na kuingia katika chumba cha tarakilishi aambiwe kwamba kazi ni nzuri maadamu programu imekubali kwenda? Somo la tarakilishi katika mfumo wa 8-4-4 liliizoeza karatasi ya vitendo lahajedwali na hifadhidata, na mradi wa mwisho ulikuwa ni kujenga mfumo mpya tangu mwanzo. Vyote hivyo ni vyema. Sikuwahi kuona swali lililomkabidhi mtahiniwa faili ya mtu mwingine na kumpima kwa yale aliyoyaacha salama.

Yupo mwenzangu, fundi hodari kuniliko, niliyemsimulia kisa cha lango. Alinijibu kwamba kosa la kwanza halikuwa langu. Alidai kuwa onyo linalohusu usalama wa mtoto halikufaa kuwekwa katika maelezo ya pembeni hata kidogo. Lilistahili kuwa sehemu ya data yenyewe, kijitawi chenye jina, mathalani "nambari zilizozuiwa", ili programu ya kutuma ujumbe ilisome na ikatae, hata karani awe mgeni namna gani. Hoja yake ina nguvu, na nusu yake nimeikubali. Jambo linalompasa mtu na mashine kulitii lisiandikwe mahali ambapo mashine hapaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yenyewe inataka data ya mtu iwe sahihi, na inaweka masharti ya pekee kuhusu data ya watoto. Shule haiwezi kujitetea kwa kusema kwamba onyo lilikuwepo ila lilifutika.

Nusu ya pili siikubali. Karani yule wa kwanza hakuwa fundi. Alikuwa na kalamu moja tu aliyopewa na faili ile, alama ya #, akaitumia kwa uangalifu na kwa nia njema. Hakujua neno "data" lina mipaka gani. Katika ofisi zetu, ujuzi mwingi wa watu wa kawaida unakaa pembeni namna hiyo: kwenye mstari ulioandikwa kwa penseli kando ya daftari, kwenye karatasi iliyobanwa kwa pini. Fundi anayekuja na kusema kwamba yasiyo katika jedwali hayakuwa na thamani, amejipa cheo ambacho hakuna aliyempa. Kama alitaka yawe data, angeyasoma kwanza, akamwendea mwenyewe, akayahamisha pamoja naye. Mimi sikufanya hivyo.

Njia za kuepuka kosa langu zipo na si za gharama. Kwa YAML ipo maktaba ya ruamel.yaml, iliyoandikwa kwa ajili hasa ya safari ya kwenda na kurudi; huyabeba maelezo ya pembeni pamoja na mti na kuyarudisha mahali pake. Kwa TOML ipo tomlkit. Usiandike juu ya faili ya asili moja kwa moja, kwa sababu faili ikifunguliwa kwa kuandikwa husafishwa kwanza kuwa tupu, na stima ikipotea wakati huo huna ya zamani wala mpya. Andika faili ya muda pembeni, kisha ibadilishe jina ichukue mahali pa ya zamani. Python inayo amri ya kufanya hivyo kwa hatua moja tangu toleo la 3.3. Weka nakala. Na kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba umemaliza, tumia programu ya kulinganisha faili mbili mstari kwa mstari, uone ulichobadilisha. Laiti ningeitumia siku ile, ingenionyesha mstari uliobeba onyo la karani ukiwa na alama ya kuondolewa mbele yake, nami ningeuona, kwa kuwa najua kusoma.

Ulinganishi huo ndio ningependa walimu wenzangu waanze nao. Hauhitaji maabara. Tarakilishi moja kwa darasa zima inatosha, na Python hutolewa bure. Hata ubao na chaki vinatosha kwa somo la kwanza: andika faili ya mistari kumi upande wa kushoto, mwite mwanafunzi aichore kwa matawi upande wa kulia, kisha umwombe mwingine, ambaye hajaiona ya kushoto, aiandike upya kutoka matawi hayo. Darasa lilinganishe. Watajionea wenyewe kilichopotea njiani, na hawatamlaumu mwenzao, watamlaumu aliyechora matawi bila kuacha nafasi ya maelezo.

Zoezi ninalolitoa siku hizi ni moja tu, nami nalirudia kila mwaka. Nawapa wanafunzi faili ya mistari sitini ya shule ya kubuni. Ndani yake nimetia nambari ya usajili inayoanza na sifuri, kengele ya 10:30, mwanafunzi kutoka Murang'a, mistari mitupu miwili isiyo na maana yoyote wanayoijua wao, na maelezo matano ya pembeni, mojawapo likiwa na kosa la tahajia. Kazi yao ni kuandika programu itakayomhamisha mwanafunzi mmoja kutoka mkondo wa Mashariki hadi mkondo wa Magharibi na kuirejesha faili. Zoezi lina alama kumi. Mbili ni za kumhamisha mwanafunzi. Nane ni za kila kitu kingine kubaki kilivyokuwa, na yule anayesahihisha tahajia ya maelezo bila kuombwa namwondolea moja. Kila mwaka wapo wanaokuja ofisini kulalamika kwamba ugawaji huo wa alama ni wa kinyume. Nawasikiliza, nawapa kiti, kisha nawasimulia habari za lango.